Wati Hupima Joto, Hazipimi Sauti

Ukifungua karatasi ya vipimo ya spika yoyote kubwa ya besi, ya inchi 18 au 21, namba itakayokupokea ni ya wati. Huandikwa juu kabisa, kwa wino mzito, na ndiyo inayotajwa dukani kabla hata ya bei. Spika 18TBX100 ya kampuni ya B&C ya Italia ina koili ya milimita 100 na imepewa wati 1,200; ndugu yake 18SW115, yenye koili ya milimita 115, imepewa 1,700; na 21SW152, ya inchi 21 na koili ya milimita 152, imepewa 2,000. Mnunuzi anayezipanga spika hizo kwenye mstari na kugawa bei kwa wati atapata jibu safi, na jibu hilo litampoteza. Wati zilizoandikwa kwenye spika zinaeleza koili inaweza kuvumilia joto kiasi gani bila kuungua, basi. Hazisemi sauti itakuwa kubwa kiasi gani, hazisemi besi itashuka mpaka wapi, na kwa mwenye mziki wa kukodisha ziko karibu zaidi na gharama kuliko faida, kwa kuwa kila wati inayotajwa pale ni wati atakayotakiwa kuileta yeye mwenyewe, kwa amplifaya yake, nyaya zake na jenereta yake.

Tuanze na namna namba hiyo inavyozaliwa. Utaratibu unaofuatwa na watengenezaji wengi unatokana na kiwango cha AES2 kilichotolewa mwaka 1984 na Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, na kufanyiwa marekebisho mwaka 2012. Spika huwekwa wazi, bila boksi, ikalishwa kwa saa mbili mvumo maalumu wenye nguvu sawa katika kila oktavu. Mvumo huo hauishii kwenye besi. Unaanzia masafa fulani na kwenda hadi mara kumi yake; B&C, kwa mfano, huanzia kwenye masafa ya mwangwi wa spika yenyewe. Saa mbili zikiisha, spika inahesabiwa kuwa imefaulu iwapo tabia zake hazijabadilika moja kwa moja kwa zaidi ya asilimia 10. Hakuna mahali katika jaribio hilo panapoulizwa sauti ilikuwa kubwa kiasi gani, wala kama ilikuwa safi au inakoroma. Linaloulizwa ni kama spika imetoka hai.

Kilichomo ndani ya mvumo huo nacho kina mambo yake. Spika yenye mwangwi wa hezi 35 itapimwa kati ya hezi 35 na 350, ambazo ni oktavu 3.3. Jukwaani, boksi la besi hukatwa kwenye hezi 90 hivi, na juu ya hapo kazi huachiwa spika nyingine. Kati ya hezi 35 na 90 kuna oktavu 1.4 tu. Maana yake ni kwamba karibu asilimia 59 ya nguvu iliyoipatia spika cheti chake iliingia kwenye masafa ambayo haitayapiga usiku wa kazi, masafa ya juu ambako koni husogea kidogo na kazi ya kimitambo ni nyepesi. Isitoshe, mvumo wa majaribio una vilele vinavyopanda na kushuka haraka, wakati besi ya amapiano ni noti inayovutwa ikakaa, na singeli haimpi mtu wala koili nafasi ya kupumua. Bendi yenye ngoma na gitaa la besi huipa koili mapumziko kati ya pigo na pigo. Muziki uliotengenezwa kwenye kompyuta na kubanwa mpaka mwisho hauipi. Spika mbili zenye cheti kimoja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa kwa sababu tu moja inafanya kazi na bendi na nyingine na ma-DJ.

Namba ikishapatikana, kuna hesabu zinazofuata, na hapo ndipo karatasi mbili zinapoacha kulingana. Wakati wa jaribio kinachopimwa ni volti. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawa kwa ukinzani. Ukinzani upi? Kampuni nyingine hutumia ule wa kawaida unaoandikwa kwenye spika, tuseme omu 8. Nyingine hutumia ukinzani wa chini kabisa uliopimwa, ambao kwa spika hiyohiyo unaweza kuwa omu 6.4. Volti 90 juu ya omu 8 ni wati 1,013. Volti hizohizo juu ya omu 6.4 ni wati 1,266. Spika ni moja, jaribio ni moja, joto ni moja, na nyongeza ya robo nzima imezaliwa kwenye kikokotoo. Kisha huja namba ya pili, ile wanayoiita ya programu, ambayo mara nyingi ni ya kwanza iliyozidishwa kwa mbili. Hakuna jaribio jingine lililofanyika; B&C wenyewe wanaandika bila kuficha kwamba ni desibeli 3 juu ya ile ya kawaida. Ndiyo maana 18SW115 hutajwa kuwa ya wati 1,700 na pia ya wati 3,400, na muuzaji akitaka kuongeza chumvi atazidisha tena kwa mbili na kuita kilele. Juu ya kilele bado kuna ghorofa jingine, lile la PMPO, linalobandikwa kwenye sabufa za nyumbani kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, ambalo halina kiwango chochote nyuma yake na halistahili aya yake. Wapo pia wanaofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5, ambacho mvumo wake huendeshwa kwa saa 100 badala ya mbili. Wati 800 za saa 100 si lazima ziwe ndogo kuliko wati 1,000 za saa mbili, ila ukizipanga kwenye jedwali moja zitaonekana hivyo.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema tatizo ni uaminifu, kwamba kampuni zote zikipima namna moja wati zitafaa kulinganishia. Sikubaliani, na sababu yangu iko ndani ya koili yenyewe. Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya spika kubwa ikisukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake inaweza kupanda nyuzi 200 juu ya joto la chumba, na hapo ukinzani wake umekuwa mara 1.79 ya ule iliokuwa nao ikiwa baridi. Amplifaya haijui hayo. Inaendelea kutoa volti zilezile, na mkondo unapungua. Spika iliyoandikwa wati 1,700 kwa hesabu ya koili baridi inakuwa inapokea takriban 950, na sauti yake imeshuka kwa desibeli 4 hadi 5 kwenye masafa ambako ukinzani wa koili ndio unaotawala. Kwa maneno mengine, ile namba kubwa inaeleza hali ambayo spika ikiifikia haipo tena pale. Koili yenyewe hupata joto kwa sekunde chache, lakini chuma na sumaku vinavyoizunguka huchukua muda mrefu, hata saa nzima, ndiyo maana besi iliyokuwa inatikisa mabati saa tatu usiku husikika imechoka saa sita. DJ akisikia imechoka hupandisha sauti, amplifaya inazidiwa na kuanza kukata mawimbi, na wimbi lililokatwa likawa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya lile la duara lenye kimo hichohicho. Koili iliyokuwa inaomba kupumzika inaongezewa moto.

Boksi lenye tundu, ambalo ndilo linalotumiwa na wengi, lina ukorofi mwingine usioonekana kwenye jaribio la spika iliyo wazi. Kwenye masafa ambayo boksi limepangiwa, tuseme hezi 40, hewa ya kwenye tundu ndiyo inayofanya kazi kubwa na koni inakaribia kutulia. Hiyo ni habari njema kwa koni. Kwa koili ni mbaya, maana hapohapo ukinzani unashuka karibu na ule wa shaba tupu, mkondo unapanda, na kwa kuwa koni haisogei hakuna upepo wa kupooza mwanya wa sumaku. Noti ndefu ya besi ikiangukia kwenye masafa hayo na kukaa, koili inaungua huku koni ikiwa haijafanya fujo yoyote ya kumshtua fundi.

Kama wati hazifai kulinganishia, kipi kinafaa? Jibu lilikuwepo kabla ya mashindano haya ya wati. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alieleza mwaka 1961 jinsi ya kuitabiri spika ndani ya boksi kwa vigezo vichache vinavyopimika, na Richard Small akaikamilisha kazi hiyo kwa makala alizochapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika mlinganyo wao wa ufanisi kuna masafa ya mwangwi, ujazo wa hewa unaolingana na ulaini wa koni, na kigezo cha nguvu ya sumaku dhidi ya uzito na ukinzani. Uvumilivu wa joto haumo. Spika yenye unyeti wa desibeli 97 kwa wati moja, kiwango cha kawaida kwa spika hizi, ina ufanisi wa asilimia 3 na ushei: katika kila wati 100 unazoipa, 97 zinabaki kwenye koili kama joto. Kwa hesabu hiyo ni jiko la umeme linalotoa na sauti kidogo, na kusifia spika kwa wati zake ni kusifia jiko.

Sauti ya besi hutengenezwa kwa kusukuma hewa, na hewa inayosukumwa ni eneo la koni mara mwendo wake. Koni ya inchi 18 ina eneo la takriban sentimita za mraba 1,210. Ikisogea milimita 9 kila upande, kama 18TBX100, inasukuma lita 1.09. Ikisogea milimita 14, kama 18SW115, inasukuma lita 1.69. Koni ya inchi 21 yenye eneo la sentimita za mraba 1,680 hivi, ikisogea milimita 15, inasukuma lita 2.52. Hapa fizikia haina mjadala: kwenye uwanja wa wazi, boksi likiwa chini na limefungwa bila tundu, kwa hezi 40 na umbali wa mita moja, lita 1.09 haziwezi kutoa zaidi ya desibeli 113, lita 1.69 zinafika 117, lita 2.52 zinakaribia 121. Sasa linganisha na ahadi ya wati. Desibeli 97 za unyeti na wati 1,200 zinaahidi karibu 128. Tofauti kati ya 128 zilizoahidiwa na 113 zinazowezekana haizibwi kwa amplifaya kubwa zaidi. Ukiongeza nguvu pale, koni inatoka nje ya mwanya wa sumaku na kuanza kugonga. Tundu la boksi husaidia karibu na masafa lililopangiwa, hilo ni kweli, nami nimetumia boksi lililofungwa ili kupima spika peke yake bila ustadi wa seremala. Mpangilio wa spika, ipi inashinda ipi, haubadiliki.

Ukitazama kwa jicho hilo, spika mbili za inchi 18 zilizotajwa zinaonekana upya. Kutoka wati 1,200 kwenda 1,700 ni nyongeza ya asilimia 42 inayovutia kwenye tangazo, lakini masikioni ni desibeli 1.5, tena kabla ya joto kula chake. Kutoka mwendo wa milimita 9 kwenda 14 ni desibeli 3.8, kule chini kabisa ambako watu huja kutafuta besi. Kama spika ya pili ni ghali zaidi, kinachohalalisha bei yake ni zile milimita tano. Mfanye mnunuzi apige masafa ya juu kidogo na hesabu inageuka: kwenye hezi 80 koni ileile inatoa desibeli 12 zaidi kwa mwendo uleule, na hapo 18SW115 inafikia kikomo cha koni na kikomo cha joto kwa pamoja, karibu 129. Kwa hiyo bendi ya injili inayotaka teke la ngoma kwenye kifua, ambalo liko juu ya hezi 60, haina sababu kubwa ya kulipia mwendo mrefu. Mwenye kupiga amapiano anayo.

Namba ya mwendo nayo ina ujanja wake, nisije nikamwondoa msomaji kwenye shimo moja nikamtumbukiza kwenye lingine. Koili yenye kimo cha milimita 30 ndani ya mwanya wa milimita 15 ina mwendo wa milimita 7.5 ukitumia jometri tupu. Ukiongeza robo ya kimo cha mwanya, kama wafanyavyo B&C, inakuwa 11.25. Atakayeongeza theluthi atapata 12.5. Koili ni ileile. Njia ya kweli zaidi ni ile iliyoenezwa na Wolfgang Klippel wa Dresden, ya kupima kwa mashine nguvu ya sumaku inavyopungua koili inapotoka katikati, na kusimama pale inapopungua kiasi kilichokubaliwa. B&C hutoa namba ya aina hiyo pia, wanayoiita Xvar, lakini wao wanasubiri hadi nguvu ya sumaku au ulaini wa koni ushuke chini ya nusu, kiasi ambacho kwa sikio zuri ni kuchelewa. Tofauti na wati, hata hivyo, ujanja huu unaweza kuufumbua mwenyewe: kimo cha koili na kimo cha mwanya huchapishwa kwenye karatasi nyingi, na hesabu ni ya darasa la sita.

Kuna pingamizi la maana hapa. Kama hewa ndiyo kila kitu, kwa nini mtu asinunue spika ya gari, ambayo koni yake husogea milimita 25 na zaidi, kwa bei nafuu? Kwa sababu mwendo mrefu hununuliwa kwa koili ndefu na nzito, na bila sumaku kubwa kupita kiasi unyeti huporomoka. Spika ya gari yenye desibeli 87 inahitaji nguvu mara kumi ya spika ya jukwaani yenye 97 ili kutoa sauti ileile. Ndani ya gari lililofungwa hilo halisumbui; uwanjani linasumbua. Kwa hiyo lita za hewa zinakwenda pamoja na nguvu ya mtambo wa sumaku, ambayo kwenye karatasi huonekana kama BL. Zidisha BL kwa BL, gawa kwa ukinzani wa koili, na una kipimo cha jinsi spika inavyogeuza umeme kuwa msukumo. Spika mbili zenye lita sawa hutofautiana hapo, na anayelipia zaidi kwa sumaku yenye nguvu anapunguziwa bili ya nguvu kila usiku wa kazi.

Pingamizi la pili, nalo ndilo zito zaidi, linatoka kwa wenye mziki wenyewe: hasara yao kubwa ni koili kuungua, na spika ya wati 2,000 haiungui upesi kama ya wati 1,000. Ni kweli. Koili ya milimita 152 ina mzunguko mara moja na nusu wa ile ya 100, ina eneo kubwa zaidi la kutolea joto, na kwa sauti ileile itakuwa ya baridi zaidi na haitafifia haraka. Hilo nalikubali bila masharti. Lakini faida hiyo inapatikana pale tu mtu anaponunua wati 2,000 na kuzitumia 1,000. Anayenunua wati 2,000 ili azitumie zote 2,000 amerudi palepale alipokuwa, na moto mkubwa zaidi. Tena koili nyingi haziungui kwa sababu uwezo wake ulikuwa mdogo. Zinaungua kwa amplifaya iliyozidiwa, kwa masafa ya chini ya hezi 30 ambayo hayakuchujwa, na kwa sherehe ya saa kumi iliyoendeshwa na mtu asiyetazama taa nyekundu. Kichujio na kidhibiti cha volti vilivyopangwa vizuri huokoa koili nyingi kuliko milimita za ziada za koili.

Na kuna njia nyingine ya kupunguza joto ambayo namba za wati huificha kabisa: kununua spika mbili. Spika mbili zilizokaa pamoja, zikipiga mawimbi yenye urefu wa mita tano au sita kama yalivyo ya hezi 60, hazijui kwamba ni mbili. Hewa inazibeba kama koni moja kubwa. Wati 1,000 kwa kila moja zinatoa desibeli 3 zaidi ya wati 2,000 ndani ya spika moja yenye unyeti uleule, ingawa umeme ni sawa. Joto limegawanywa kwenye koili mbili, kufifia kumepungua, na lita za hewa zimeongezeka. Inchi 18 mbili zina eneo la sentimita za mraba 2,420 dhidi ya 1,680 za inchi 21 moja. Anayetaka desibeli 6 zaidi kutoka kwenye spika moja anahitaji nguvu mara nne, na hakuna koili ya kuzibeba. Anayeongeza spika ya pili na amplifaya yake amezipata.

Hapo mwenye lori atacheka, na ana haki. Boksi la inchi 18 lina uzito wa kilo hamsini na kitu, linataka mbao za marine, linataka vijana wa kubeba, na kila boksi linalopanda lorini linashusha kitu kingine. Sheria ambayo Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani, anakumbukwa kwayo inasema huwezi kupata vitu vitatu kwa pamoja: boksi dogo, besi ya chini na ufanisi mkubwa. Spika za wati nyingi zimeshamiri kwa sababu amplifaya za daraja la D zilifanya wati kuwa nyepesi na rahisi, na kampuni za Ulaya zikaona ni nafuu kusafirisha umeme kuliko mbao. Kwao umeme upo ukutani, tena wa awamu tatu.

Kwetu hesabu hiyo haifungi vizuri. Soketi ya pini tatu inayotumika Tanzania na Kenya ina fyuzi ya ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Chukua spika mbili tu za wati 3,400 za programu. Kwa muziki wenye vilele vya kawaida, wastani ni moja ya nane, wati 850, na soketi inatosha. Kwa besi iliyobanwa na kuvutwa, wastani unaweza kufika theluthi moja, karibu wati 2,270, na amplifaya inayopoteza asilimia 20 itadai zaidi ya 2,800. Soketi imejaa kwa spika mbili, bila taa, bila mixer, bila spika za juu. Umeme ukivutwa kutoka nyumba ya jirani kwa waya wa mita 50 wenye unene wa milimita za mraba 1.5, ampea 13 zinapoteza volti 16 njiani kabla ya kufika. Kwa jenereta ni dizeli. Desibeli 3 zilizopatikana kwa kuongeza boksi hazinywi mafuta. Zilizopatikana kwa kuongeza wati zinakunywa kila wikendi kwa miaka yote ya spika hiyo.

Uzito wa sumaku nao huingia kwenye bei, na humo wati hazina la kusema. Sumaku za neodimiamu hupunguza kilo kadhaa kwa kila spika, lakini bei yake hufuata siasa za madini, kama ilivyoonekana China ilipobana mauzo ya madini hayo na bei kupaa mwaka 2011, na kwa asili huvumilia joto kidogo kuliko feraiti. Kwa boksi linalobebwa na watu wanne na kukaa chini, feraiti bado ni chaguo la mtu mwenye hesabu zake. Thamani nyingine iko kwenye matengenezo: koili na koni vikiharibika, je, kifurushi cha asili cha vipuri kinapatikana, au fundi atasuka koili kwa kukisia? Spika ya bei nafuu isiyo na vipuri ni spika ya mara moja. Na soko limejaa nakala zenye kibandiko kizuri na wati zilezile za asili. Kibandiko ni rahisi kunakili, ila kimo cha koili, uzito wa sumaku na BL havinakiliki kwa printa.

Wahandisi wameanza kuondoka kwenye wati. Kiwango cha AES75 kinapima ukubwa wa sauti ambao mfumo unaweza kuutoa kwa usafi, kwa kuongeza mvumo taratibu na kusimama pale mwitikio unapoanza kupinda. Hicho ni kipimo cha boksi zima, pamoja na amplifaya na vichujio vyake, na mnunuzi wa boksi lililokamilika ana haki ya kukidai. Mnunuzi wa spika tupu hana namba kama hiyo. Kilicho karibu zaidi ni mstari mmoja ambao kampuni ya JBL iliuchapisha kwenye karatasi zake za spika za kitaalamu: desibeli ngapi zinapotea kwa joto kwenye sehemu ya kumi ya nguvu, kwenye nusu yake, na kwenye nguvu yote. Kampuni ambayo spika yake inastahimili joto kweli haina hasara yoyote kuuchapa mstari huo, na duka linalouza spika ya mamilioni linaweza kuuliza kiwandani kwa barua pepe moja.